Kulala jangwani Wahiba, Oman: maswali ninayoulizwa kila msimu

Kila ikikaribia Oktoba simu yangu hujaa ujumbe kutoka Unguja, Mombasa, Dar na kwa jamaa walioko Uingereza: wanakuja Muscat, wanataka kulala jangwani usiku mmoja, wapande ngamia, warudi. Maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa ili anayeuliza nimtumie ukurasa mmoja badala ya sauti kumi za dakika tano tano.

## Kabla hujalipa

Wahiba ni wapi hasa, na mbona ramani inaandika Sharqiya?

Ni jangwa la mchanga mashariki mwa Oman, kiasi cha saa mbili na nusu hadi tatu kwa gari kutoka Muscat. Lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 12,500: kama kilomita 180 kutoka kaskazini hadi kusini, na upana wa kama 80. Wahiba ni jina la kabila la Mabedui wa huko. Jina linalotumika rasmi siku hizi ni Mchanga wa Sharqiya, yaani wa mashariki. Ni mahali pamoja, kwa hiyo usilipie safari mbili.

Kambi nyingi ziko ukingo wa kaskazini, upande wa wilaya ya Bidiyah, ukiingilia miji ya Al Wasil au Al Mintarib. Huko ndiko kwenye matuta makubwa, mengine yanafika mita 100, yamejipanga kama migongo mirefu kutoka kaskazini kwenda kusini na mabonde katikati. Gari hupita mabondeni. Picha unazoziona mitandaoni hupigwa juu ya migongo.

Ni kweli watu wa huko wanasema Kiswahili?

Sharqiya, ndiyo, utawakuta. Ibra na Al Mudhayrib, miji unayoipita njiani, ni asili ya familia nyingi zilizovuka bahari kwenda Unguja na bara tangu enzi za Sayyid Said. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, wengi walirudi na lugha yao. Usishangae umesimama sheli, unamnong'oneza mkeo kuhusu bei ya maji, na mzee mwenye dishidasha akageuka na kukuuliza, "Mmetoka wapi, wanangu?"

Kambini ni habari nyingine. Mabedui wanasema Kiarabu chao, na wahudumu wengi wanatoka India, Bangladesh na Pakistani. Kiingereza kidogo kitakufikisha.

Mbona nisiende Dubai, ambako kuna kila kitu?

Kama una jioni moja tu na ndege inaondoka asubuhi, nenda Dubai. Utachukuliwa hotelini, utarushwa rushwa na gari juu ya matuta, utakula, utatazama ngoma, na saa nne usiku umerudi kitandani. Ni biashara nzuri na wanaijua.

Wahiba unalala, na kulala ndiko kunakoleta tofauti. Jangwa lina saa zake mbili nzuri, moja kabla ya jua kuzama na moja baada ya kuchomoza, na huwezi kuzipata zote mbili bila kulala hapo. Katikati kuna usiku wenye giza ambalo mtu wa mjini amelisahau.

"Kambi ya kifahari" maana yake nini? Nimeona bei zinatofautiana mara tatu.

Kambi za kawaida ni vibanda vya makuti au mahema ya kitambaa cheusi cha manyoya ya mbuzi, choo cha pamoja, na chakula kizuri tu. Hizo za kifahari zina hema au chumba chenye bafu lake, maji ya moto, kiyoyozi na kitanda cha hoteli, na nyingine zina bwawa la kuogelea. Bei kwa wawili kwa usiku mara nyingi huvuka rial 100 msimu ukipamba moto. Rial moja ni kama dola 2.6 za Marekani, basi piga hesabu kabla hujafurahi kuona tarakimu ndogo.

Uliza mambo matatu kabla ya kulipa. Kwanza, bei hiyo ina kodi ndani? Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 5, na juu yake huja tozo nyingine za utalii na huduma. Pili, chakula cha jioni, ngamia na kuchukuliwa kwa gari vimo au vinalipiwa mbali? Tatu, na hili watu hawaliulizi kabisa: jenereta iko wapi? Nimewahi kulala katika hema lenye zulia la Kiajemi na mashuka meupe pepepe, nyuma yake injini ikinguruma hadi alfajiri. Nililipia ukimya, nikapewa karakana.

Usiku mmoja unatosha?

Unatosha, kwa sharti moja: uwe umefika kambini saa tisa alasiri. Desemba na Januari jua huzama kama saa kumi na moja na nusu. Ukifika magharibi umeshalipoteza jambo zuri kuliko yote, na utakachokiona ni taa za kambi. Wanaochelewa ni wale waliotaka kupitia Wadi Bani Khalid kuogelea, wakala samaki, wakanunua halua Ibra, yote kabla ya jangwa. Bonde lile liwekeni kesho yake. Liko karibu, na maji yake hayaendi popote.

## Kufika

Niende mwezi gani?

Oktoba hadi Machi. Kiangazi joto hupita nyuzi 45, na kambi nyingine hufunga au hushusha bei kwa sababu unazozielewa. Hata Mabedui wenyewe kwa desturi walikuwa wakihamia kwenye mashamba ya mitende wakati wa joto, kuvuna tende.

Ukiweza kuchagua tarehe, tazama kalenda ya Kiislamu. Tarehe 13, 14 na 15 mwezi umejaa. Utaona matuta usiku kama mchana, lakini nyota zitafifia. Anayetaka nyota aende mwisho wa mwezi au mwanzoni. Majira ya baridi Kilimia hupita karibu utosini kabisa. Kilimia hicho hicho ambacho babu zetu walikitazama kujua majira ya kilimo, ila hapa kipo juu ya nchi isiyolimika.

Nahitaji gari la 4x4?

Hadi Al Wasil au Al Mintarib, gari lolote. Barabara ni ya lami na nzuri, na Oman wanaendesha mkono wa kulia, kinyume na kwetu. Kutoka hapo kuingia mchangani ndipo penye swali. Kambi chache ziko ukingoni na hufikika kwa gari dogo, nyingine ziko kilomita nyingi ndani.

Ushauri wangu kwa anayekuja mara ya kwanza: acha gari mjini, kambi ikufuate. Wengi hukutana na wageni kwenye sheli. Ukisisitiza kuendesha mwenyewe, punguza upepo wa tairi hadi psi 15 au 18 kabla hujaingia, fuata gari la mwenyeji, na usisimame kwenye mpando. Ukinasa, usikanyage mafuta. Kila mzunguko wa tairi unakuchimbia kaburi. Shuka, chimba kwa mkono mbele ya tairi, punguza upepo tena, rudi nyuma ulikotoka. Soma pia mkataba wa gari la kukodi, kwani bima nyingi hazihesabu mchanga.

Na barabarani usiku, ngamia hana taa. Endesha polepole.

Tulipatana na dereva saa kumi, hajatokea. Amenitapeli?

Pengine hapana. Oman iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja, hiyo ni hesabu ya kwanza. Ya pili ndiyo mtego: saa kumi yetu ni alasiri, saa kumi ya Mwarabu ni asubuhi, ile tunayoiita saa nne. Ukizungumza Kiarabu cha kuokoteza, au Kiingereza huku unafikiri kwa Kiswahili, utachanganya tu. Na Mwomani anayesema Kiswahili ndiye mwenye hatari zaidi, maana hujui leo anahesabu kwa saa ipi. Shangazi yangu alikaa sebuleni na begi lake tangu asubuhi, kanga imepigwa pasi, dereva akaja baada ya adhuhuri akitabasamu. Wote wawili walikuwa sahihi. Siku hizi naandika tarakimu za saa 24: 16:00.

Viza je?

Inategemea pasipoti yako, na masharti hubadilika. Maombi hupitia tovuti ya Polisi ya Kifalme ya Oman. Usimlipe mtu wa kati kabla hujaingia humo mwenyewe ukaona.

## Ngamia

Sijawahi kupanda. Inakuwaje?

Ngamia amelala, miguu ameikunja chini yake, anacheua. Msimamizi anashika hatamu, anakuonyesha pa kuweka mguu, unakaa. Hapo unaona ni kama kiti tu. Kisha anatoa mlio kooni, na ngamia anainuka kwa miguu ya nyuma kwanza. Ghafla unatazama mchanga uso kwa uso, shingo ya mnyama iko chini yako kama ngazi. Egemea nyuma, shika chuma cha tandiko kwa mikono miwili. Sekunde inayofuata miguu ya mbele inanyooka na unarudishwa nyuma kwa nguvu, kisha umetulia, juu kuliko ulivyodhani. Kushuka ni hivyo hivyo kwa kinyume: anapiga magoti ya mbele kwanza, kwa hiyo egemea nyuma tena. Simu iwe mfukoni, si mkononi. Utapiga picha akishasimama sawasawa.

Mwendo wake ni wa kuyumba, kwani huenda kwa miguu ya upande mmoja pamoja. Usishindane naye, legeza kiuno. Wanaoumwa mgongo kesho yake ni waliokaa wima kama askari gwaridini.

Nichukue safari ya muda gani?

Nusu saa inatosha kwa mtu wa kawaida. Saa moja ni kwa aliyezoea au mwenye ukaidi. Mimi huwashauri wageni wapande kwenda juu ya tuta la machweo, halafu warudi kwa miguu, viatu mkononi. Mchanga wa jioni ni laini na bado una joto la jua, na mapaja yatakushukuru.

Vaa suruali. Mwenye baibui au dera avae suruali au kaptura ndefu ndani, kwa sababu kukaa ni kwa kutanua miguu.

Bibi yetu ana miaka zaidi ya 70. Ataweza?

Kama anapanda ngazi mwenyewe na hana maumivu ya nyonga wala mgongo, wengi huweza, na wengi hufurahi kuliko wajukuu. Tatizo ni kule kuinuka na kulala kwa ngamia, si mwendo. Mwombeni msimamizi amtafutie ngamia mtulivu, na mtu mmoja asimame kila upande. Mwenye mimba asipande. Mtoto mdogo akae na mtu mzima kama tandiko linaruhusu. Mtu mwenye mwili mkubwa aseme mapema bila haya, wamchagulie mnyama anayemfaa. Kambi zina viwango vyao vya uzito.

Bibi akikataa, msimlazimishe. Kukaa kwenye mkeka na kahawa akiwatazama mnavyoyumba ni starehe tosha.

Ngamia alikuwa analia muda wote. Anateswa?

Si lazima. Ngamia hulalamika akilazwa, hulalamika akiinuliwa, hulalamika akiona tandiko. Sauti peke yake si ushahidi. Angalia mwili: kidonda chini ya tandiko au kamba, mbavu zilizochomoza, mguu anaouchechemea, nundu iliyolegea na kuanguka upande. Angalia pia msimamizi: anamwita au anampiga? Ukiona vibaya, kataa kupanda na umwambie meneja kwa nini. Mgeni anayelipa husikika.

Kwa Mabedui wa Bidiyah ngamia ni mali na ni fahari. Mashindano ya mbio yapo, na siku hizi anayekaa mgongoni ni kijiroboti chenye kiboko, mwenye ngamia akikimbia pembeni na gari akimwongoza kwa redio. Kuna pia ushairi wa kuimba juu ya ngamia, unaoitwa taghrooda, ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2012 katika orodha ya urithi wa Oman na Falme za Kiarabu. Ukibahatika msimamizi wako akaanza kuimba, nyamaza usikilize. Mashairi ya kupokezana si mageni kwetu.

Wanatukaribisha maziwa ya ngamia. Ninywe?

Yaliyochemshwa, ndiyo. Mabichi, kataa kwa upole. Virusi vya MERS, ugonjwa wa njia ya hewa, vilivyotambuliwa mwaka 2012, hubebwa na ngamia, na maziwa mabichi ni moja ya mambo ambayo wataalamu wa afya huonya. Kwa sababu hiyo hiyo usimbusu puani kwa ajili ya picha, na nawa mikono ukishuka. Wazee, wajawazito na wenye kisukari au maradhi ya figo wazingatie zaidi.

## Usiku, chakula na adabu

Kuna baridi kweli? Ni jangwa!

Kuna. Desemba na Januari usiku huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, na aliyezoea Mombasa ataiita barafu. Chukua sweta, soksi na kitu cha kufunika kichwa.

Linaloshangaza zaidi ni umande. Bahari ya Arabuni haiko mbali, na unyevu wake huingia usiku hadi kwenye mchanga. Watafiti wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza, waliokuja hapa 1985 na 1986, walikuta mimea na wadudu kwa wingi usioutarajia mahali kama hapa, na umande una sehemu yake katika uhai huo. Kwako wewe maana yake ni ndogo lakini muhimu: usiache viatu, mto wala taulo nje. Asubuhi vitakuwa kama vimenyeshewa.

Tutakula nini?

Wali, kuku au mbuzi wa kuchoma, saladi, hummus, mkate, na mishkaki ambayo huko nayo huitwa mishkak. Kambi nyingine hufukia nyama shimoni na kuifukua mbele ya wageni. Ni ndugu mdogo wa shuwa, nyama ya Idi inayokaa chini ya ardhi siku nzima au zaidi. Halua utaitambua kwa macho yaliyofumbwa. Mzee wa Unguja atabisha ipi ni bora, na sitaingia kwenye ugomvi huo.

Kahawa huja kwenye vikombe vidogo, chungu, yenye hiliki, pamoja na tende. Pokea kwa mkono wa kulia. Utamiminiwa tena na tena mpaka ukitikise kikombe kidogo unapokirudisha. Kusema "ahsante, nimetosheka" hakuzuii birika.

Pombe?

Baadhi ya kambi zina leseni, nyingi hazina. Uliza kabla. Usibebe chupa ukakae nayo juu ya tuta.

Kibla ni upande gani, na naweza kutayammamu kwa mchanga badala ya maji?

Kibla ni karibu magharibi moja kwa moja. Kuhusu mchanga: kambini maji yapo, kwa hiyo tia udhu wa kawaida. Hata hivyo usiyamwage ovyo, yote hayo yameletwa kwa lori.

Tunaweza kuwapiga picha wanawake wa Kibedui?

Omba ruhusa, na wakikataa, basi. Wengi wa Bidiyah huvaa kifuniko kigumu cha uso chenye ukingo puani, kinachoitwa burqa. Sisi tuna neno lake tangu zamani: barakoa, ile waliyovaa mabibi wa Kiarabu Unguja, kabla korona haijaligeuza kuwa kitambaa cha mdomo. Ukimwambia hivyo mama wa Kibedui huku ukinunua kamba au bangili yake, mtacheka. Nunua, lakini. Kuingia nyumba ya mtu, kunywa kahawa yake na kutoka mikono mitupu si uungwana.

## Yanayotokea mara chache

Nge na nyoka?

Wapo, hawakutafuti. Funga zipu ya hema, kung'uta viatu asubuhi, usiingize mkono chini ya kichaka wala rundo la kuni, na ukienda chooni usiku washa tochi na uvae viatu. Nge akikuuma, mwambie mhudumu papo hapo. Wanajua zahanati iliyo karibu. Namba ya dharura Oman ni 9999.

Faida ya kuamka alfajiri ni kusoma nani alipita. Mende wa mchangani huacha mshono kama wa cherehani, mbweha huacha vidole, na mara nyingine utaona kwamba walipita hatua mbili kutoka mlangoni pako.

Naweza kurusha droni?

Bila kibali cha mamlaka ya anga, hapana. Na hata ukiwa nacho, usirushe juu ya ngamia wenye watu mgongoni. Tazama swali la bibi hapo juu, kisha fikiria ngamia huyo akishtuka.

Upepo ukivuma?

Shughuli husimama. Ngamia, chakula cha nje, moto, vyote huingia ndani. Funga macho kwa mtandio, weka kamera kwenye mfuko wa plastiki, na usidai fedha zako siku hiyo hiyo kwa hasira. Uliza kesho yake. Baadhi ya kambi hurudisha sehemu ya malipo ya ngamia.

Pete yangu imeanguka mchangani.

Usihame. Kosa la kila mtu ni kupiga magoti na kuanza kupapasa, na kila anavyopapasa anaizika zaidi. Chomeka kiatu kimoja pale uliposimama, kingine pale unapodhani imeangukia, umwite mtu, na mmoja akimbie jikoni kuomba chujio la unga. Chota mchanga kwa kiganja kutoka pembeni kuelekea katikati, chujio baada ya chujio. Mchanga wa Wahiba ni mwembamba, hupita wote. Tuliipata ya dada yangu kwa mtindo huo kwenye chujio la kumi na ngapi sijui, mpishi akiwa amesimama juu yetu anataka kifaa chake apike chapati.